Mwili Uliosahau Kulegea

Msubiri alale. Ukitaka kumwona mgonjwa huyu kama alivyokuwa kabla ya maradhi, usimtazame akijaribu kuinuka kitini wala akishuka ngazi. Msubiri alale. Mgongo uliokuwa umepinda kama upinde utashuka wenyewe godoroni. Tumbo lililokuwa gumu kama ubao litaanza kupanda na kushuka kwa pumzi. Miguu italegea, vidole vitafunguka. Kwa saa chache mwili unarudi kwa mwenyewe. Kisha anaamka, na kabla hajamaliza kujinyoosha, misuli ya kiuno imeshakaza tena kama ngozi ya ngoma iliyosogezwa motoni.

Ubaya ni kwamba usingizi huohuo ndio unaomharibia kesi. Mume anautazama mwili uliolegea na kujiuliza kimoyomoyo: kama ni ugonjwa kweli, mbona usiku unakwenda likizo? Mama mkwe haulizi kimoyomoyo, anauliza kwa sauti. Daktari, ambaye amepiga picha ya uti wa mgongo na hakuona kasoro, anatumia maneno ya kistaarabu zaidi lakini maana ni ileile. Wasiwasi. Msongo wa mawazo. Mama, vipimo vyako viko sawa, nenda ukapumzike.

Ugonjwa upo, umo vitabuni kwa karibu miaka 70, na tangu Desemba 2022 una sura inayojulikana dunia nzima. Kinachokosekana kwetu ni jina. Neno la Kiswahili lililo karibu zaidi ni kukakamaa, na ni neno la kushika kwa tahadhari. Askari akisimama wima gwarideni tunamsifu kwa ukakamavu wake. Maiti ikikaa saa kadhaa tunasema imekakamaa. Mgonjwa huyu amebanwa katikati ya maana hizo mbili, na tukimwita mkakamavu tutakuwa tumempa sifa kwa kitu kinachomtesa. Basi hapa nitasema tu ugonjwa wa kukakamaa, hadi wenye kamusi watakapotupatia bora.

Mara nyingi huanza mtu akiwa kati ya miaka 20 na 50, na wanawake huupata karibu mara mbili ya wanaume. Mwanzo wake haumtishi mtu: mgongo wa chini unauma, nani asiyeumwa mgongo? Lakini huu haulegei. Katika mwili wenye afya, misuli ya mbele ikivuta ile ya nyuma huachia, ndivyo mtu anavyoinama kufunga kamba za viatu. Hapa ya tumbo inavuta na ya mgongo inavuta, kila upande umeng'ang'ania kamba na hakuna aliye tayari kuachia. Kiuno kinaingia ndani, hatua zinakuwa za kijiti.

Juu ya ukakamaaji huo wa kila siku kuna mikazo ya ghafla, nayo ndiyo inayoogopwa. Mlango ukibamizwa, simu ikilia, mtu akikugusa bega kwa nyuma, habari mbaya, hata baridi ya maji: mwili mzima unajifunga kwa mara moja, kwa nguvu inayoweza kuvunja mfupa. Akiwa amesimama ataanguka, na hataanguka kama wewe na mimi, ambao mikono hutangulia kuupokea mwili. Mikono nayo imekaza. Anakwenda chini mzimamzima kama mnazi uliokatwa.

Ndiyo maana wengi hushindwa kuvuka barabara. Mtu mwenye ugonjwa huu akisimama ukingoni mwa barabara ya mjini haogopi gari, anaogopa honi. Bodaboda mmoja akipuliza nyuma yake, atakuwa gogo katikati ya lami. Siku ya pili anaanza kukakamaa kabla hata ya kufika ukingoni, kwa kuwaza tu. Ukimweleza haya daktari asiyeujua ugonjwa, ataandika kwamba mgonjwa ana hofu ya mahali pa wazi. Hajakosea, ila ameanza kuisoma hadithi kutoka mwisho.

Ile sura niliyoitaja ni ya Celine Dion. Kama uliwahi kukaa ukumbini Mombasa au Dar es Salaam ukisubiri maharusi wakate keki, umeshamsikia, hata kama humjui kwa jina. Tarehe 8 Desemba 2022 alitoa video kwenye Instagram, kwa Kiingereza na Kifaransa, akasema amegunduliwa kuwa na ugonjwa huu na kwamba unamzuia kutembea vizuri na kuimba alivyozoea. Mei 2023 akafuta maonyesho yote yaliyobaki ya ziara yake. Juni 2024 ikatoka filamu kuhusu maisha yake, iliyoongozwa na Irene Taylor, na humo akafungua jambo alilolificha miaka mingi: dalili zilikuwa zimemwandama kwa miaka 17.

Sehemu ya filamu iliyonigusa mapema ni ile anayokiri uongo. Sauti ilipomkatikia jukwaani alikuwa anaigongagonga maikrofoni, watazamaji wadhani kosa ni la mitambo. Au anawageuzia maikrofoni waimbe wao, nao wakashangilia kwa heshima waliyopewa. Maonyesho yakiahirishwa, sababu ilikuwa masikio au mafua. Wagonjwa wenzake duniani wametuhumiwa kwamba wanajifanya wagonjwa, yeye aliipindua kesi akawa anajifanya mzima. Zote mbili ni kazi nzito, na kwa yeyote aliyewahi kuficha maradhi kazini, hii ya pili haihitaji maelezo.

Kilichoharibika ni nini hasa? Tunapenda kuufikiria ubongo kama bwana mkubwa anayetoa amri: inua, shika, kimbia. Sehemu kubwa ya kazi yake kumbe ni kuzuia. Misuli ikiachwa bila breki hujikaza yenyewe. Breki hiyo ni kemikali, na mojawapo kubwa inaitwa GABA, ambayo seli za neva huitengeneza kwa msaada wa kimeng'enya kiitwacho GAD. Katika wagonjwa takriban wanane kati ya kumi, damu ina kingamwili nyingi mno zinazokilenga kimeng'enya hicho. Yaani askari walioajiriwa kulinda mji wameamua kwamba fundi wa breki ni adui.

Msomaji wa kwetu anao mfano wa karibu zaidi: pepopunda. Vijidudu vya udongoni vinavyoingia kwenye jeraha hutoa sumu inayozuia neva kumwaga kemikali hizohizo za breki, ndiyo maana mgonjwa wa pepopunda naye hukaza mgongo na kurushwa na kelele ndogo. Tofauti ni kwamba pepopunda huanza na taya, huja kwa siku chache, na ina chanjo. Huu mwingine kwa kawaida huyaacha mataya, hukomaa polepole na kukaa miaka. Waliolitunga jina la pepopunda waliweka pepo ndani yake kwa sababu walichokiona kilifanana na mtu aliyepandwa. Sioni la kuwacheka. Hata waliokuwa na maabara hawakufanya vizuri zaidi.

Mwaka 1924, katika Mayo Clinic, mji wa Rochester jimboni Minnesota, alifika mkulima wa miaka 49 kutoka Iowa, mwili umekaza, anatembea kwa taabu, na alipokuwa akianguka alianguka kama mtu wa mbao. Madaktari Frederick Moersch na Henry Woltman hawakuelewa. Wakaandika, wakaweka faili. Akaja mwingine, na mwingine. Ilipofika 1956, miaka 32 baadaye, walikuwa na wagonjwa 14, ndipo wakachapisha. Mimi huwavulia kofia kwa hilo: kuhifadhi jambo usilolielewa kwa miaka 32 bila kulitupa kwenye kapu la wasiwasi. Jina waliloupa ugonjwa lilimtaja mwanamume. Ilichukua hadi 1991 ndipo wengine wakapendekeza liseme mtu, maana waliokuwa wakikakamaa zaidi walikuwa wanawake.

Mwaka 1988 ukaja ufunguo, na uliletwa na mgonjwa mmoja mwenye mikosi mitatu: ugonjwa wa kukakamaa, kifafa, na kisukari cha aina ya kwanza. Michele Solimena na Pietro De Camilli, wa Chuo Kikuu cha Yale, pamoja na wenzao walikuta damu yake imejaa kingamwili dhidi ya GAD. Kwa nini kisukari? Kwa sababu seli za kongosho zinazotengeneza insulini nazo zina kimeng'enya hichohicho. Miaka miwili baadaye ikathibitika kwamba kitu ambacho watafiti wa kisukari walikuwa wakikitafuta kwa muda mrefu, kile kinachoshambuliwa katika damu ya wagonjwa wao, ni GAD. Leo kipimo cha kingamwili hizo ni cha kawaida katika uchunguzi wa kisukari cha aina ya kwanza. Mamilioni wamefaidika na ugonjwa wa wachache ambao jirani zao waliwaambia wanaigiza. (Wataalamu bado wanabishana kama kingamwili hizo ndizo mhalifu au ni alama tu ya uhalifu, kwa kuwa GAD hukaa ndani ya seli, mahali ambapo kingamwili hazifiki kirahisi.)

Hiyo tuhuma ya kuigiza ni ya zamani kuliko ugonjwa huu wenyewe. Mwaka 1876 daktari Julius Thomsen, wa Kappeln, kaskazini mwa Ujerumani, aliandika kuhusu maradhi ya misuli yaliyokuwa katika ukoo wake, naye mwenyewe akiwa mmoja wa wagonjwa. Haya ni mengine: misuli inakaza vizuri ila inachelewa kuachia, umshike mtu mkono ushindwe kuurudisha, na ukirudia mara kadhaa inalainika. Thomsen alikuwa ameyajua tangu utotoni. Kilichomfanya ayatoe hadharani ni kwamba mwanawe alishukiwa anajifanya mgonjwa ili akwepe jeshi la Prussia. Baba akakaa chini akaianika siri ya ukoo, kizazi kwa kizazi, mbele ya madaktari wa nchi nzima, na leo ugonjwa unabeba jina lake. Kwa bahati, katika jimbo la Tennessee, Marekani, wapo mbuzi wenye hitilafu ya namna hiyo. Ukiwashtua wanakaza miguu na kupinduka ubavuni. Watu huwaita mbuzi wanaozimia, lakini hawazimii, macho yako wazi na wanajua kila kinachoendelea. Hakuna aliyewahi kumtuhumu mbuzi kwamba anaigiza.

Bara letu nalo lina mchango wake. Mwaka 1961, Johannesburg, Hyam Isaacs alieleza wagonjwa wawili waliokuwa wamekaza, wakitoka jasho bila kufanya kazi, misuli ikichezacheza chini ya ngozi bila kukoma. Hawa hata usingizi haukuwasaidia. Walilala misuli ikifanya kazi, wakapewa hata dawa ya usingizi ya upasuaji, misuli ikaendelea. Isaacs akang'amua kwamba kosa halikuwa ubongoni bali mbali huko, kwenye neva zinazokaribia msuli, na akakuta kwamba fenitoini, dawa ya kifafa tunayoijua sote, inawatuliza. Nao ugonjwa huo unaitwa kwa jina lake.

Waweke wagonjwa hawa wawili kwenye vitanda jirani uzime taa. Wa Isaacs ataendelea kukaza hadi asubuhi. Yule mwingine atalegea, kwa sababu hitilafu yake iko makao makuu, na makao makuu yakilala amri mbovu nazo hukoma. Usingizi uliotumiwa kumsuta ndio ushahidi wa ugonjwa wake.

Ushahidi wa pili nao uligeuzwa hivyohivyo. Mwaka 1963 Frank Howard, pale pale Mayo Clinic, aliripoti kwamba dawa mpya ya wakati ule, diazepamu, inawafungua wagonjwa hawa. Ndiyo ileile anayopewa mtoto wa degedege. Inafanya kazi kwa kuipa nguvu GABA iliyobaki. Lakini kwa kuwa inajulikana pia kama dawa ya kutuliza wasiwasi, mgonjwa anapopata nafuu anaambiwa: si unaona? Ni wasiwasi. Na dozi zenyewe zinatia shaka. Kidonge cha kawaida ni miligramu 5, Dion alisimulia kwamba alifika miligramu 90 kwa siku, sawa na vidonge 18, bila kujua kwamba kiasi hicho kingeweza kumuua. Mtu mwenye dozi ya namna hiyo akifika kwenye duka la dawa la mtaa asikojulikana, hatachukuliwa kuwa mgonjwa. Naye hawezi kuiacha kwa siku moja, maana kuikatisha ghafla ni hatari yake nyingine.

Kuna baklofeni pia, na mazoezi ya viungo yanayofanywa taratibu sana. Baadhi ya wagonjwa, hasa wenye kingamwili za aina nyingine, huwa na saratani iliyojificha, mara nyingi ya matiti, kwa hiyo daktari mwangalifu huitafuta. Dawa inayofika kwenye mzizi wa kinga ya mwili ni immunoglobulini ya mshipani, inayokamuliwa kutoka plazma ya damu ya maelfu ya wachangiaji. Marinos Dalakas na wenzake, nchini Marekani, waliijaribu kwa wagonjwa 16 na kutangaza matokeo mwaka 2001: wagonjwa 11 walianza kutembea kwa urahisi zaidi au bila kushikwa, wakapunguza kuanguka, wakarudia kazi za nyumbani. Nafuu ilidumu kati ya wiki sita na mwaka mmoja. Halafu chupa nyingine, na bei nyingine, na hapo ndipo sehemu kubwa ya dunia inaposhukia.

Inakadiriwa kwamba ugonjwa huu humpata mtu mmoja au wawili katika kila milioni. Uwiano huo umetoka kwenye nchi zenye madaktari wengi wa neva, lakini tuukope. Tanzania, yenye watu milioni 61.7 kwa sensa ya 2022, ingekuwa na wagonjwa kati ya 60 na 125. Kenya, yenye watu milioni 47.6 kwa sensa ya 2019, kati ya 48 na 95. Ni abiria wa mabasi machache. Wako wapi? Ningekisia kwamba wengine wako wodi za wagonjwa wa akili, wengine wamekwisha kuombewa hadi wakachoka, wengine wamekaa vyumba vya nyuma wakiitwa wavivu. Kipimo cha kingamwili ni cha gharama, na cha umeme wa misuli kinahitaji mtaalamu. Ila hatua ya kwanza haina bei. Weka kiganja tumboni mwa mgonjwa na kingine mgongoni, usikie kama vyote viwili vimekaza kwa wakati mmoja. Uliza kuhusu kelele. Uliza kama ana kisukari. Na mwulize anayelala naye chumba kimoja: usiku inakuwaje?

Nyumbani nako kuna mambo ya kujifunza upya, na baadhi yanagombana na malezi yetu. Kwetu mgonjwa hutembelewa. Watu huja wengi, na watoto, na hodi ya kusikika hadi uani, na redio haizimwi. Kwa mgonjwa huyu hodi ipigwe chini, tena kwa mbali, apate kujua kwamba mtu anakuja. Usimsaidie kwa kumshika ghafla. Pita mbele yake akuone, mwambie unataka kumshika, ndipo umshike. Akianza kukaza usimnyooshe kwa nguvu. Na kitu kigumu kuliko vyote kukieleza familia: si huzuni tu inayomwangusha. Furaha ni mshtuko pia. Kigelegele cha harusi ya binti yake kinaweza kumlaza sakafuni mbele ya wageni wote.

Tarehe 26 Julai 2024 Dion aliimba kwenye Mnara wa Eiffel, katika ufunguzi wa Michezo ya Olimpiki ya Paris, mvua ikinyesha, wimbo wa Edith Piaf. Hakuwa ameimba hadharani tangu Machi 2020. Kesho yake nilisikia watu wakisema, kumbe amepona. Mmoja akaongeza, kumbe hakuwa mgonjwa sana. Wimbo mmoja ulikuwa umefuta miaka 17.

Hao hawakuwa wameiona filamu iliyotoka mwezi mmoja kabla. Karibu na mwisho wake Dion anatoka studio kurekodi, amefurahi, sauti imemkubali. Yuko chumbani kwa mazoezi ya viungo pale mguu unapoanza kukaza. Kisha mikono, kisha uso. Analazwa, anapuliziwa dawa puani, hawezi kusema, analia kwa sauti isiyofanana hata kidogo na ile tunayoijua. Kamera haizimwi. Mwongozaji Irene Taylor amesimulia kwamba alipomwonyesha filamu kwa mara ya kwanza alikuwa tayari kwa lolote, pamoja na kuambiwa aiondoe sehemu hiyo. Dion akamwambia asiifupishe.